Nota Aliyonijibu Mama

Mwaka ule niliokuwa nasomea ualimu, nilikuwa nikichoka kabla jua halijapanda. Nikiamka alfajiri nasali, nakwenda bomba la mtaa kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu, napika uji, kisha namgeuza mama kitandani, namwosha, namlisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia na kumwachia maneno mawili matatu tu, nayo hayakuja pale alipoyataka. Akitaka maji huomba mto. Akiletewa mto hulia kwa hasira, na mimi hukaa ukingoni mwa kitanda nikikisia moja baada ya moja. Shangazi yangu, jirani yetu pale Jang'ombe, akija kukaa naye ndipo mimi huvaa buibui na kushika njia ya Darajani mpaka chuoni, mjini ndani.

Siku nyingi somo la kwanza lilikuwa muziki. Walimu wa kike tulitarajiwa kuwafundisha watoto nyimbo, na chuo kilitaka tuweze kuisoma sauti ubaoni na kuiimba bila ya kuwahi kuisikia. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Kigoa, mtu mzima, aliyepiga kinanda kanisani kila Jumapili na kusema Kiswahili cha mjini kwa haraka kuliko sisi. Alikuwa akikaa kwenye kinanda chake akitugeuzia mgongo ili tusivione vidole, akibonyeza nota mbili.

"Ya pili imepanda au imeshuka? Kwa kiasi gani?"

Wenzangu waliinua mikono. Mimi nilisikia sauti mbili, basi. Nilijua kwamba si moja, lakini baina yao sikuona kitu cha kupimia. Halafu ikaja zamu ya kuimba kwa kuangalia. Do, re, mi ziliandikwa kwenye kitambaa kilichotundikwa ukutani, naye akizigusa kwa fimbo, akiruka kutoka chini mpaka juu, na sauti zetu zikimfuata. Yangu ilikuwa ikibaki nyuma.

"Binti, unasinzia?"

"Sisinzii, Mwalimu."

"Basi imba."

Niliamua kufanya mazoezi wakati namwosha mama, kwani sikuwa na wakati mwengine. Asubuhi moja, kitambaa cha maji mkononi, nikaimba do, re, polepole. Mama akanijibu. Hakutamka neno, aliguna tu, lakini guno lenyewe lilikuwa limekaa juu ya nota yangu sawasawa. Kabla ya maradhi alikuwa akiimba harusini na kikundi cha kinamama, na wenzake walikuwa wakimfuata yeye. Nikaimba tena. Akanifuata, do, re, tukafika mi, na hapo sauti yake ikasimama chini kidogo ya ile ya kinanda cha chuoni, chini kwa unywele.

Shangazi aliingia kutoka uani, mikono ina unga. "Nani anaimba?"

"Mama."

Akakaa kizingitini, akajifuta macho kwa kiwiko.

Tangu siku hiyo tukawa tunaimba asubuhi, na tena baada ya alasiri nikirudi. Kwa kuwa hakuweza kusema, ilinibidi nisikilize. Alikuwa akitoa nota, kisha akiruka mbali, nami nikiitafuta. Nikikosa alilipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Nikipata alifumba macho. Haukupita muda mrefu nikaanza kuinua mkono darasani. Nilijua imepanda, na nilijua kwa kiasi gani.

Lakini mi yangu ikaanza kushuka.

"Imelegea," alisema mwalimu. "Rudia."

Nikarudia vile vile. Akaniweka baada ya wenzangu kutoka, nami nikamweleza habari za mama. Akageukia kinanda.

"Hebu niimbie hiyo ya mama yako."

Nikamwimbia. Akabonyeza mi, akabonyeza na kibao cheusi kilicho chini yake, akatikisa kichwa. "Kinanda hiki hakina nota hiyo. Kila siku naisikia mitaani, harusini, lakini humu haimo. Mama yako hajakosea. Ila mkaguzi akija kuwatahini ataandika kuwa wewe umekosea."

"Sasa nfanyeje?"

"Ujifunze zote mbili, na ujue ipi unaimba."

"Nshachoka, Mwalimu."

"Najua." Akafunga kinanda, akaniambia nikajilaze katika chumba cha wagonjwa mpaka kipindi kinachofuata kiishe. Nililala kama mfu. Waliniamsha wenzangu.

Mtihani ulipofika, mama alikuwa ana homa, na sikuwa nimepata usingizi. Mkaguzi alifungua kitabu, akaniwekea wimbo nisioujua. Nilianza vizuri. Katikati ya mstari nikaona nota zinaogelea, na sikujua tena niko wapi, kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akadhani bado kuna daraja moja. Nikanyamaza. Mkaguzi alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akasema, "Ahsante." Nilifaulu hesabu, nilifaulu kusoma na kuandika, nikaanguka kuimba. Wenzangu wakapangiwa shule. Mimi nikaambiwa nirudie.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Ili nisimamishe mi ya kinanda ilinibidi niimbe dhidi ya mama. Nikiweka yangu juu, yeye ananijibu kwa yake, analipiga godoro. Nasimama pale pale. Analipiga tena. Sauti mbili zile zilikuwa zikisuguana kwa karibu mno hata masikio yakiniwasha, na yeye akinitazama kama kwamba nimemvunjia heshima. Zilikuwapo siku nilizoimba huku machozi yananitoka, si kwa huzuni hasa, kwa uchovu tu, na sikuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Mwache mama yako apumzike," aliniambia shangazi.

"Yeye ndiye hataki kupumzika, Bi shangazi. Nikinyamaza ananianzia."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nyengine, nilipoiweka mi yangu, mama hakulipiga godoro. Alitoa yake, akaishikilia. Nami nikashikilia yangu. Zikakaa pamoja, ya kwake chini, ya kwangu juu, wala hakuna iliyoivuta mwenzake, mpaka pumzi zikatuishia sote wawili. Mama akacheka kwa upande mmoja wa kinywa. Mimi nilikaa chini sakafuni, penye maji yaliyomwagika, na hapo nikafahamu kuwa najua niliposimama. Nilikuwa naisikia ya kwake yote, na bado yangu haijahama.

Mara ya pili mkaguzi alikuwa yule yule. Aliniwekea wimbo mgumu kuliko ule wa kwanza, nami nikauimba mpaka mwisho, taratibu, bila ya furaha yoyote.

"Umejifunza wapi kuimba?" aliniuliza.

"Hapa chuoni, bwana." Sikuwa na nguvu ya kumweleza mengine.

Walinipeleka shule ya Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki. Nilimchukua mama, tukapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mkarimu, aliyekaa naye mchana. Tuliimba kidogo kidogo, kila mtu kwa mi yake, mpaka mwaka wa pili, mvua za vuli zilipoanza, Mungu akamchukua. Watu wa pale walimzika kama mtu wao.

Kipindi cha nyimbo walikiweka Alhamisi, cha mwisho. Wasichana walikuwa wakija darasani wameshaamkia pwani pamoja na mama zao kuponda makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, viganja vimechubuka, macho mazito. Alhamisi moja niliandika do, re, mi ubaoni, nikageuka nikawatazama. Mmoja alikuwa keshalala juu ya meza, na jirani yake alikuwa akimkanyaga mguu ili aamke.

"Mwache," nikamwambia.

Niliwaambia anayetaka kulala alale. Tuliobaki macho tukaimba, kwa sauti ya chini, tusije tukawaamsha.