Barua za Jumapili za Wakili Pruitt

Lovina Pruitt alibakiwa na siku moja tu. Kesho yake saa nne asubuhi mahakama ya mji wao, huko Ohio, ingewatahini mawakili wapya, na jaji alishamwambia bila kumung'unya maneno: lete ushahidi kuwa umesomea sheria miaka miwili chini ya wakili, la sivyo rudi jikoni kwako. Wakili mwenyewe ni babake, Asahel Pruitt, aliyefariki mwezi wa tatu bila kutia saini chochote.

Na mzee yule, Mungu amrehemu, kwa kusifu mtu alikuwa bahili kupindukia. Miaka miwili Lovina alimnakilia hati, akamtafutia vifungu, akabishana naye mpaka kahawa ikapoa, na shukrani yake ikawa mguno. Sasa alipekua makabati yote, akafungua kila bunda lililofungwa utepe mwekundu. Hata jina lake hakuliona. Akalia kwa hasira.

Ndipo alipokumbuka kwamba kila Jumapili baada ya kanisa, babake alimwandikia barua dada yake Keziah, aliyekaa mji wa pili. Weee! Alitandika farasi hata kofia hakuvaa.

Shangazi Keziah alikuwa nazo zote ndani ya boksi. Lakini alilikalia.

"Alinikataza nisikwambie, mwanangu. Nami nilimpa neno langu."

"Shangazi, nikikosa kesho nimekwisha."

Shangazi akawaza, kisha akatabasamu, maana damu ya akina Pruitt ni ile ile. "Alisema nisikwambie wewe. Jaji hakumtaja."

Asubuhi Shangazi akaingia kwa jaji na boksi lake, akamfungia Lovina mlango usoni. Angefanyaje? Lovina alitega sikio kwenye tundu la ufunguo. Akasikia tarehe baada ya tarehe: Lovina amemaliza kitabu cha mirathi, Lovina ameandika utetezi wa Hobbs. Shangazi akakohoa, akasoma ya mwisho.

"Jana tumebishana saa tatu nzima juu ya wosia wa mjane Crane. Kanishinda, Keziah. Nikajifanya naenda kuchota maji, nikacheka peke yangu kisimani kwa furaha. Usimwambie, atavimba kichwa."

Mlango ukafunguliwa ghafla, Lovina nusura aangukie viatu vya jaji.

"Ingia, Bi Pruitt," jaji akasema. "Mtihani unaanza."

Akaingia machozi yakimtiririka, kichwa kimemvimba kweli kweli.