Siku Benedicte Alipoirusha Droni Hadi Ng'ambo ya Mto

Benedicte Cirhuza alikuwa fundi wa simu na redio katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na watu walimjua kwa tabia moja: kitu kikimshinda, chakula hakimpiti kooni mpaka akishinde. Ufundi aliuanza utotoni Bukavu, kwenye karakana ya baba yake, Papa Mulenda, kabla vita havijawasukuma mpaka Malawi. Sasa alikuwa mke wa Ciza, Mrundi mwendesha kabaza, aliyeshinda kutwa akibeba abiria kwa baiskeli na kurudi jioni na vichekesho vya njiani. Waliishi katika nyumba ya matofali pamoja na binti yao mdogo, Amanda, na Mama Gertrude, mama mzazi wa Benedicte, mjane ambaye miguu ilikuwa imemgomea. Kutoka kitandani hadi kiti cha mlangoni, hiyo ndiyo ilikuwa safari yake.

Mambo yalianzia harusini. Ilikuwa mwaka 2016, mtaa wa Chilinde, Lilongwe, Mkongo mwenzake Benedicte akioa. Mpiga picha, kijana mmoja aitwaye Jean-Pierre, alitoa kidude cheupe kwenye sanduku, akakiweka chini, nacho kikanguruma na kupaa juu ya turubai. Watu walipiga makofi na vigelegele. Benedicte hakupiga. Alisimama na sahani ya wali mkononi, kichwa nyuma, hata asihisi mchuzi ukimchuruzikia gauni lake la sherehe.

Jean-Pierre alimwita aone kwenye kioo cha rimoti. Palikuwa na turubai dogo kama leso, na vidoa vya watu pembeni yake. Kidoa kimoja kilikuwa kimesimama peke yake.

"Mi njo ile?" Benedicte aliuliza.

"Njo we, dada. Inua mukono."

Akainua. Kidoa nacho kikainua. Benedicte akaushusha mkono polepole, kama mtu aliyeguswa na kitu kitakatifu asichokuwa amejiandaa nacho.

"Inaweza kufika wapi?"

"Hii? Ya harusi tu. Ikivuka nyumba za Mchesi, mutaa ya pili pale, inapotea." Jean-Pierre alicheka. "Bale benye kurusha mbali banajitengenezea benyewe. Banavaa miwani, banaona kama beko ndani yake."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Benedicte yakakaa. Njiani kurudi Dzaleka alitazama angani tu, na Ciza, aliyemjua, alijua nyumba imepata mgeni.

Kweli ilipata. Kwa karibu miaka miwili meza ya kulia chakula ilijaa waya na vipuri. Mashuleni kambini mlikuwa na intaneti ya kubahatisha, na Benedicte alikwenda kusoma mambo ya waliotengeneza droni zao nchi za mbali, akarudi na kichwa kimejaa. Kaka yake Rodrigue, aliyehamishiwa Kanada, alimtumia kwa mkono wa msafiri kamera ndogo kuliko kidole gumba, rimoti, mota nne, na kadi ya kuzitawala, ambayo Benedicte aliiita ubongo. Vilivyobaki alijitafutia. Fremu aliikata kwa msumeno kutoka kipande cha kaboni alichopewa na Jean-Pierre, akailainisha kwa tupa mpaka vidole vikawa vyeusi. Betri alizipata Lilongwe, kwa mafundi wa Mchesi, ndani ya mashine mbovu za kutobolea kuta: alizifungua, akatoa seli moja moja kama njugu kwenye maganda, akazipima, zilizo hai akaziunga. Antena aliisokota kwa waya wa shaba juu ya kipande cha bomba la maji. Miwani ilikuwa kioo kidogo cha televisheni ya gari ndani ya boksi la sponji, na mkanda wa kukifunga kichwani aliushona Mama Gertrude mwenyewe, kwa mkono, kutoka kwenye kanda ya begi.

"Mama Amanda," Ciza alisema siku moja akisukuma waya apate pa kuweka sahani ya nsima, ugali wa Kimalawi, "hiki kitu kikishaanza kula, tutakilisha nini?"

"Baba Amanda, hiki kinakula betri tu. We njo unakula nsima."

Siku ya kukijaribu, nyuma ya nyumba, kiliruka juu kimo cha goti, kikapinduka, kikakata majani ya mchicha wa jirani kama mwizi wa mboga. Ciza alicheka hadi akakaa chini. Benedicte hakucheka wala kulia. Alikikagua, akagundua mapanga mawili alikuwa ameyafunga kinyume, hivyo yalisukuma hewa juu badala ya chini. Akayabadilisha. Alipowasha tena, kikapanda taratibu, kikasimama hewani mbele ya uso wake, kikitetemeka kidogo, kama nyuki anayelitazama ua. Ciza akaacha kucheka.

Kurusha mbali hakukuwa jambo la kujiamulia. Watu wa kambini wamekimbia vita, na kinachonguruma angani kina kumbukumbu zake. Benedicte alikwenda ofisi ya kambi kuomba ruhusa, akaenda kwa mchungaji akatangaza kanisani, akaenda na Ciza kwa mfumu, chifu wa kijiji jirani, ambaye mashamba yake yangepitiwa. Mfumu aliuliza kama kidude kitawatisha mbuzi. "Kitapita juu sana," Benedicte alijibu. "Basi zikomo, asanteni," mfumu akasema, "lakini kikianguka kwangu, mimi ndiye wa kwanza kukiona."

Asubuhi ya ile siku, mwezi wa tano 2018, mahindi yakiwa yamekaushwa na jua na hewa ikiwa safi, Benedicte alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akavaa miwani. Majirani walijipanga ukutani. Alivuta pumzi, akasukuma kijiti cha rimoti.

Ardhi ikamwachia.

Hakuna maneno aliyoyapata baadaye ya kuielezea hali ile, ingawa aliulizwa mara nyingi. Mwili wake ulikuwa kwenye kigoda, vidole vikisogea kidogo tu, lakini yeye alikuwa anapanda. Aliona paa lake, mawe yaliyozuia bati lisipeperuke, na kundi la watu mbele yake, katikati yao mwanamke mmoja aliyefungwa macho. Akapanda zaidi. Nyumba zikawa punje, vichochoro vikawa nyuzi. Aliona foleni ya ndoo bombani, soko, makanisa, yote aliyoyazunguka kwa miguu miaka nenda rudi, yakienea pasipo sauti. Hakuwahi kujua kambi ina umbo. Kumbe ilikuwa imelala ubavuni mwa mashamba kama mtu aliyechoka. Na kuizunguka kulikuwa na dunia: mashamba ya rangi ya dhahabu, barabara nyekundu, milima ya Dowa ya samawati, na mto mdogo uking'aa penye jua.

"Unaona nini?" Ciza aliuliza.

"Nyamaza kwanza," Benedicte alinong'ona. "Yesu wangu. Nyamaza kwanza."

Mwewe alitokea upande wa kushoto, akaruka sambamba na kile kidude, akageuza kichwa akakitazama, kisha akajiendea zake. Benedicte aliachama. Alivuka mto. Picha ikaanza kuingia chenga kidogo, akapandisha kidude kimo zaidi, ikatulia. Alizunguka kwa upana, akakirudisha nyumbani, kikatua karibu na vidole vya miguu yake. Alipovua miwani machozi yalikuwa yameloweka sponji, naye hakujua yalianza kumtoka saa ngapi.

Majirani walishangilia. Katikati ya kelele hizo Mama Gertrude aliita kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Bene. Nivalishe mi ile miwani."

"Mama, kichwa kitazunguka. Iko kama kuruka kwenyewe."

"Nilivuka ziwa na mutumbwi ya kutoboka. Nivalishe."

Benedicte alibadilisha betri, akamvalisha mama yake miwani, akamfunga ule mkanda wa kanda ya begi. Yeye mwenyewe angerusha kwa kutazama kioo cha pili kidogo alichokifunga juu ya rimoti. Kidude kilipopaa Mama Gertrude alishika mikono ya kiti, akasema, "Eh! Eh!" kisha akageuza kichwa huku na huku. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Kambi ni kubwa hivi? Na bantu bote hawa?"

"Njo hivyo, Mama. Unataka kuona wapi?"

"Nipeleke kwa Papa yako."

Makaburi yalikuwa ng'ambo ya mto, mwendo ambao miguu ya Mama Gertrude haikuuweza tangu mazishi ya Papa Mulenda. Benedicte alimtazama Ciza, Ciza akatikisa kichwa kukubali. Akakielekeza kidude huko, akakipitisha juu sana kwa heshima, kisha akakishusha polepole pembeni, pasipo na mtu.

Vilima vya udongo vilijipanga, vingine na misalaba, vingine bila. Na kimoja kilikuwa kimefunikwa na rangi ya waridi iliyokolea, ikimwagika pande zote. Ilikuwa bogenvilia, kijiti walichokichomeka siku ya maziko.

Mama Gertrude aliinua mkono hewani, kana kwamba angeyagusa maua yale.

"Ile maua ilishika," alisema.

"Nilikuambia, Mama. Kila nikitoka kule nilikuambia."

"Uliniambia. Mi nilizani unanituliza tu."

Mkono wake ulibaki juu. Amanda, aliyekuwa amemshikilia bibi yake sketi, alitazama juu angani alikotazama bibi, asione kitu, na bado asiyaondoe macho.

Betri ilipoanza kulia, Benedicte alikirudisha kidude. Alimfungua mama yake miwani, akamfuta uso kwa kitenge. Mama Gertrude alipepesa macho kwenye jua, akamtazama binti yake kama anamwona mara ya kwanza.

"Bene, nyuma ya makaburi kuko barabara inapanda mulima. Inaenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Betri ingine iko?"

"Iko moja."

"Basi tuone," akasema Mama Gertrude, akainamisha kichwa ili avalishwe tena.