Juni Ambayo Sikuandika Hata Ukurasa

Kwa miaka kumi na miwili niliandika kurasa tatu kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha. Niliamka saa kumi na moja, nikachemsha chai ya rangi, nikakaa kwenye meza ndogo iliyotazama ukuta, na mpaka milango ya chuma ya maduka ya Kanyenye, mtaa wetu hapa Tabora, ilipoanza kupiga kelele, kurasa zangu zilikuwa zimekamilika. Kisha niliweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani, kama ninavyowawekea wanafunzi wangu kwenye madaftari. Kwa mwendo huo nilimaliza riwaya mbili. Nilipoalikwa shule nyingine kuzungumza na vijana wanaopenda kuandika, niliwaambia kwamba mwandishi anayengoja ajisikie vizuri ni mvivu aliyepata kisingizio. Walicheka, wakaandika maneno yangu. Mpaka leo nawaonea aibu vijana wale.

Riwaya ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa Unyanyembe zamani za misafara. Mumewe ni mpagazi. Anabeba pembe kwenda pwani na harudi, na mwanamke anamsubiri miaka saba kando ya njia, akiuliza kila msafara unaopita. Sikuwa na haja ya kwenda mbali kumtafuta mwanamke huyo. Baba yetu aliondoka kwenda Kigoma kutafuta kazi kabla sijatimiza miaka miwili, na mama akabaki Usoke akimsubiri. Ndivyo nilivyoambiwa na majirani, na ndivyo mchungaji alivyosema siku ya kumzika: tunamlaza mwanamke wa subira. Niliandika sentensi ile kwenye karatasi ya ratiba ya ibada, nikaiweka mfukoni. Riwaya ilianzia hapo.

Iliniendea vizuri hadi ukurasa wa mia moja na arobaini hivi. Baada ya hapo mwanamke wangu aliketi. Sikuweza kumwinua. Kila asubuhi nilimfanya atazame njia, atwange mahindi, atazame njia tena. Nilibadilisha mvua ikawa kiangazi. Nilimpa jirani mwenye maneno mengi, nikamuua jirani, nikamfufua. Miezi sita ilipita hivyo, kisha hata hayo yakakatika. Nilikaa mbele ya karatasi mpaka chai ikapoa.

Sikumwambia mtu. Nilichofanya, na ninakisema kwa sababu ni kweli, ni kunakili. Nilichukua kurasa zangu za zamani nikaziandika upya kwa mwandiko safi, tatu kila asubuhi, nikaweka vema kwenye kalenda. Wiki nne nzima. Aliyegundua ni mke wangu. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza, na siku hiyo alikuja na karatasi mkononi huku anafunga kitenge chake kwenda kazini.

"Ukurasa huu si nilishausoma?"

"Nimeurekebisha."

"Umerekebisha nini?"

Aliweka karatasi mezani taratibu, kama mtu anayemrudishia mgonjwa cheti chake.

"Pumzika," alisema.

"Nikipumzika sitaanza tena."

"Na sasa hivi umeanza?"

Nilikasirika. Nilipanga kwamba likizo ya Juni ndiyo itakayonikomboa: wiki nne bila kengele ya shule, kurasa tano kwa siku badala ya tatu. Nilinunua hata rimu mpya ya karatasi. Siku mbili kabla ya kufunga shule, dada yangu alipiga simu kutoka Usoke. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya bani, lile jengo refu la matofali ambamo tumbaku hukaushwa, na mkono wa kulia ulikuwa umevunjika.

"Tumbaku yote imo ghalani haijapangwa," alisema. "Na ushirika hautanisubiri mimi nipone."

Watoto wake wako Dar es Salaam, mumewe alishafariki. Nilijua anachoomba, naye alijua kwamba najua, lakini hakukitamka. Tuliachana kwenye simu bila kuahidiana. Usiku ule sikulala vizuri, na haikuwa kwa huruma. Nilikuwa nahesabu kurasa zitakazopotea. Asubuhi mke wangu alikuta nimepanga begi, na juu kabisa nimeweka muswada. Aliutoa, akaurudisha kabatini, akafunga zipu.

Dada yangu amenizidi miaka tisa. Ni mwembamba, mrefu, msemaji pale tu anapotaka jambo. Nilimkuta amekaa kizingitini, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni kwa kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja na viatu vya shule? Vitaharibika."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kunishukuru.

Kazi ya kupanga tumbaku hufanywa mapema, majani yakiwa bado na unyevu wa usiku. Jua likipanda hukauka na kukatika mkononi. Unachukua jani, unalinyoosha juu ya goti, unalitazama rangi, ukubwa na madoa, kisha unaliweka kwenye fungu lake: la manjano, la chungwa, la kahawia, lililoungua. Asubuhi ya kwanza nilikosea karibu kila jani. Wanawake watatu majirani walikuwa wamekuja kumsaidia dada yangu, na waliyachukua majani yangu bila kusema kitu wakayahamishia panapostahili. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, hakuvumilia.

"Mwalimu, wewe macho yako yako wapi?"

"Yapo hapa, mayu," nilisema, kama Wanyamwezi tunavyomwita mama.

"Hayapo. Mikono ndiyo ipo."

Siku ya tatu mikono yangu ilikuwa imekuwa myeusi kwa utomvu usiotoka kwa sabuni. Mgongo uliniuma mahali ambapo sikujua kwamba nina mgongo. Mchana tulikula ugali na majani ya kunde yaliyokaushwa, nami nililala kwenye jamvi kama aliyepigwa. Nilipoamka sikukumbuka riwaya mpaka jioni, na nilipoikumbuka nilishtuka, kama mtu aliyesahau mtoto sokoni.

Wiki ya pili yule mama wa kwaya aliuliza, "Dada yako anasema unaandika hadithi. Tusimulie moja, asubuhi iende."

Sikuwa na nyingine kichwani. Niliwasimulia ya mwanamke wa Unyanyembe. Nilijitahidi. Niliwapa ngoma za msafara ukiwasili, vumbi, pembe mabegani mwa watu, mwanamke akisimama kando ya njia na kuuliza habari za mumewe. Walinisikiliza huku mikono yao haisimami. Nilipofika kwenye mwaka wa tatu wa kusubiri, mama wa kwaya alinyanyua jani.

"Ngoja. Anakula nini?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Anakaa njiani kutwa. Analima saa ngapi?"

"Analima pia," nilisema. Sikuwa nimeandika hata sentensi moja ya kulima.

"Analima shamba la nani?" aliuliza wa pili. "La mume? Ndugu zake wamemwachia tu, miaka mitatu, mume hayupo?"

"Na kwa nini hamfuati?" aliuliza wa tatu, mwanamke mdogo kuliko wote, ambaye tangu nifike sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya salamu. "Njia si hiyo hapo? Watu si wanapita kila siku?"

"Anampenda. Anasubiri," nilisema.

Walicheka, bila ubaya. Yule mdogo alisema, "Mimi ningemfuata. Nimuulize jambo moja tu, nirudi."

"Jambo gani?"

"Kama anarudi au harudi. Nijue shamba nipande karanga au nilikodishe."

Walicheka tena mpaka mama wa kwaya akafuta machozi kwa mkono mweusi na kujipaka uso mzima. Nilicheka nao. Dada yangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika jani moja kwa mkono wa kushoto, analitazama muda mrefu kuliko jani lolote linavyostahili.

Kesho yake nilikuwa nikiwasha moto wa uji kabla majirani hawajaja. Alikuja akaketi kwenye kigoda nyuma yangu.

"Nani alikuambia mama alisubiri?" aliuliza.

"Kila mtu."

"Mimi nilikuambia?"

Nilifikiri. Hakuwahi kuniambia. Hakuwahi kusema lolote juu ya jambo lile.

"Mama alipanda treni," alisema. "Baba alikuwa amekaa huko Kigoma zaidi ya mwaka, barua hakuna. Wewe ulikuwa unaanza kusema sema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Aliniachia unga na mtungi wa maji, akaniambia nikiulizwa niseme amekwenda msibani Sikonge. Ulilia siku mbili. Siku ya tatu ukaacha, ukawa unaniita mimi mama."

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anatazama moto.

"Alirudi siku ya sita, na dagaa na kidumu cha mawese. Nikamuuliza, umemwona? Akasema Kigoma kuna upepo mwingi. Basi. Nilikuja kuambiwa nilipokuwa nimeolewa tayari, nina mimba ya kwanza."

"Alimwona?"

"Alimwona. Alielekezwa nyumba, akafika, akasimama ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa amekaa barazani na beseni, anamwosha mtoto miguu. Mtoto mdogo, wa huko. Mama alisema alimwosha vizuri, kidole kwa kidole. Akageuka akarudi stesheni."

"Hakumwita?"

"Alisema, 'Ningemwita, angeacha kumwosha.'"

Uji ulifurika ukazima moto. Tulishughulika na uji. Majirani walikuja, kazi ikaanza, na mimi nilipanga majani asubuhi nzima bila kukosea hata moja, au kama nilikosea hakuna aliyesema. Nilikuwa namtafuta mama yangu yule wa subira niliyemfahamu, simwoni. Nilimwona mwanamke mwingine, kijana kuliko mimi wa leo, amesimama kwenye upepo.

Ingekuwa miaka ya nyuma, ningekimbilia kalamu. Mkono uliniwasha kweli. Lakini kalamu sikuwa nayo zaidi ya ile ya dada yangu ya kuandika namba kwenye marobota ya tumbaku, na kazi ilikuwa bado nyingi. Nilikaa na habari ile wiki mbili bila kuifanyia chochote. Niliibeba kwenda kisimani, nikalala nayo mchana kwenye jamvi. Nadhani hilo ndilo pumziko nililoambiwa na mke wangu, ingawa sikupumzika hata siku moja.

Siku ya kufunga robota la mwisho nilimuomba ruhusa.

"Ile habari ya mama, naweza kuiweka kwenye kitabu?"

"Hapana."

"Sitataja jina."

"Nimesema hapana. Mama alinipa mimi. Hakukupa wewe. Sasa unataka kumvua mama yako umvalishe mwanamke asiyekuwepo?"

Iliniuma. Nilirudi Tabora na mikono myeusi, na hadithi nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia, na kufuli juu yake.

Nyumbani sikuketi mezani mara moja. Nilikaa Julai nzima na sehemu ya Agosti nikisahihisha insha za wanafunzi, nikitembea jioni na mke wangu. Nilipourudia muswada, nilisoma kurasa mia moja na arobaini kwa siku moja, nikaona kwamba yule mama wa kwaya alikuwa amesema kweli: macho yangu hayakuwepo, mikono tu. Nilibakiza kumi na tisa. Nilianza upya na mwanamke aliyechoka kusubiri, anayegombana na shemeji zake juu ya shamba, anayejua bei ya chumvi, na ambaye siku moja anafunga mzigo wake na kuifuata njia. Sikumpeleka penye beseni wala mtoto. Ilinibidi nimtafutie mwisho wake mwenyewe, na ulichelewa kupatikana. Kuna wiki niliandika kila siku, kuna wiki sikuandika neno nikaenda zangu shuleni kama mwalimu mwingine yeyote. Nilikuwa bado naogopa siku tupu. Lakini sikunakili tena.

Msimu uliofuata mkono wa dada ulikuwa umepona, nami nilikwenda Usoke na muswada uliokamilika. Niliwasomea asubuhi kadhaa, wao wakipanga majani. Walibishana nami juu ya shemeji, wakasema nimemfanya mwema mno. Mwishoni yule mdogo aliuliza kama karanga zilipandwa. Nilimwonyesha mahali zilipopandwa, akaridhika.

Dada yangu alisubiri wenzake waondoke.

"Huyu si mama," alisema.

"Si mama."

"Vizuri." Aliokota majani yaliyoanguka, akayapanga kwa mkono uliovunjika, taratibu kidogo kuliko zamani. "Basi ile ya mama unaweza kuiandika. Lakini useme ni ya mama. Usimpe mwingine."

"Una hakika?"

"Na useme alirudi na mawese. Yalikuwa mazuri sana. Tulikula mwezi mzima."