Kabla Hajapelekwa Mombasa

Daktari wetu mpya wa wodi alitoka bara. Kijana mpole, wala kisu cha upasuaji hakikumtisha. Kilichomtisha ni kumuuliza mgonjwa asiye na tiba tena anataka nini. Akifika hapo hukumbuka ghafla kwamba anaitwa kwingine. Tena hakuwa peke yake. Sisi watu wa hospitali huuliza mkojo una rangi gani bila kupepesa macho, lakini swali hilo moja tunaliona utovu wa adabu. Hunikera sana.

Mimi ni muuguzi, mzawa wa kisiwa hiki cha Amu, yaani Lamu, na subira yangu ni fupi. Wakati huo tulikuwa na bibi mmoja mwenye saratani iliyokwisha kuenea. Mwanawe mkubwa, mfanyabiashara mwenye sauti ya kuadhinia, alikuwa ameshakodi boti ya kumvusha hadi Mokowe kesho yake asubuhi, na gari la kumfikisha Mombasa. Kila mtu alitoa shauri, hata mashemeji wa Faza kwa simu. Bibi mwenyewe hakuulizwa. Akijuliwa hali alijibu, "Alhamdulillahi," na watu wakaridhika.

"Muulize kabla hajapakiwa kama gunia," nikamwambia daktari.

"Sista, si uongee naye wewe? Wewe ni wa hapa."

"Ndiyo maana siwezi. Mimi nitaambiwa sina adabu. Wewe mgeni, utasamehewa."

Kikwazo kilikuwa jamaa. Chumba kilijaa mabuibui, chupa za chai na sahani ya kaimati. Nikachukua ndoo, nikamwaga maji mlangoni, nikatangaza kwamba sakafu inapigwa deki. Wakatoka wakinung'unika, kaimati mkononi. Mwana mkubwa alikataa. Alipandisha kikoi chake, akasimama palepale ndani ya maji yangu.

Daktari akavuta kiti. Akauliza habari za usingizi. Akasifu upepo. Akauliza wajukuu wanasoma wapi. Nikamkanyaga kidole cha mguu.

Bibi akafumbua macho. "Daktari, mbona wazunguka ndia? Umekuya kuposa? Binti zangu wote wana waume."

Tukacheka, na daktari akapata pumzi. "Bibi, ugonjwa huu hatuwezi kuuondoa, hapa wala Mombasa. Maumivu tunaweza kuyapunguza. Kwa siku zilizobaki, wewe unataka nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Nataka kulala kwangu, karibu na dirisha la ndiani wapitapo watu, nisikie nani kagombana na nani. Huko Mombasa nitamsengenya nani, nami simjui mtu?"

Nyuma yangu ile sauti ya kuadhinia ilitoka nyembamba. "Mbona hukunambia, mama?"

Hapo mzaha ulikwisha. Bibi alinyoosha mkono mpaka mwanawe akasogea, akamshika vidole.

"Kila siku nalikuwa nangoja uniulize wewe, mwanangu. Mgeni wa bara kakutangulia."

Mwana alitoa simu, akamwambia nahodha asije. Kisha akakaa kitandani kwa mama yake, miguu imelowa, akamuuliza jioni angependa kula nini.