Siku Mama Aliponiziba Mdomo Ukumbini

Nianze na aibu yenyewe nisije nikaambiwa nimeificha: mimi, mtu mzima mwenye ndevu na kazi, nilizibwa mdomo na mama yangu mzazi mbele ya ukumbi mzima hapa Ifakara, kwa kiganja chake, siku ya kwanza kabisa maishani mwangu kusoma shairi langu mbele za watu, na kabla jua halijazama siku hiyohiyo watu walikuwa wanakuja na kuni na mchele kunizika. Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi huwa nacheka, ila mchana, nikiwa na watu.

Mimi ndiye Longinus, Longi wa mashine, waliowahi kukoboa mpunga kwa Mzee Mabula wananijua, yule anayetoka mle ndani na nywele nyeupe kwa pumba. Sasa mashine ile ina uzuri mmoja, inanguruma kiasi kwamba unaweza kusema lolote kwa sauti na hakuna atakayekusikia, kwa hiyo mimi hutungia mashairi humohumo huku namimina mpunga, na jioni nikifika nyumbani kwetu Lumemo nayaandika kwenye karatasi yoyote nitakayopata na kuyatia katika kisanduku cha mbao kilicho chini ya kitanda cha mama. Kisanduku chenyewe kifupi, chembamba, hakijawahi kupakwa rangi, na mama hakuwahi kuweka kitu humo, hata chumvi. Nilipomwomba nikitumie alinitazama weee, halafu akasema, "Karatasi sawa. Nguo zako usiweke humo." (Nikadhani ni mambo ya mende.)

Mashairi yangu mengi ni ya kawaida tu, mpunga, mvua, msichana wa Kiberege aliyeniacha. Lakini lipo moja ambalo sikulitunga, nasema kweli, lilikuja lenyewe siku moja ya mvua mashine ikiwa inanguruma, mstari baada ya mstari, likiwa na sauti yake tayari, ya polepole, inayoshuka mwishoni, na mimi nikabaki nimesimama na debe la mpunga mikononi mpaka mteja akanishika bega.

*Mlango msifunge, mgeni hajaaga,*
*mkeka umelowa na mvua haijanyesha,*
*aliyekuja bila viatu hataki viatu,*
*mto umeshamwita kwa jina.*
*Rudi unyonye, kifua kinauma.*

Beti tatu za namna hiyo, kila ubeti unaishia na hicho kifua (mwanaume mzima, kifua gani?), halafu likakatika. Kila nikijaribu kulimalizia nilikuwa nasikia baridi mgongoni, katika joto hili la Ifakara mnalolijua, naweka kalamu chini naenda kulala.

Mwalimu Editruda, anayefundisha Kiswahili sekondari, ndiye aliyeandaa alasiri ya mashairi kwenye ukumbi wa parokia. Nilipomwonyesha shairi lile alipiga makofi. "Longi, hili ni la mazingira! Mto, mafuriko, bonde letu linavyoharibika!" Na mimi nikaitikia, ndiyo mwalimu, mazingira. "Ila halina mwisho," akasema. "Huwezi kusimama mbele za watu na shairi lisilo na mwisho, utachekwa." Hapo ndipo nilipoamua jambo langu dogo la kijinga, kwamba nitalimalizia kwa nguvu, baridi au si baridi. Asubuhi ya siku yenyewe nikakaa kwenye kizingiti na kuandika ubeti wa nne, na ajabu ulikuja haraka, ukashuka wote bila kufuta neno.

Niwaambie pia kwa nini nilihangaika hivyo. Mama amenilea peke yake, sina ndugu, na hajawahi kunisifia hata siku moja kwa mashairi. Tangu mtoto nikiimba puani wimbo wowote usio wa kanisani napigwa kofi, nilipokua akawa ananiambia "nyamaza" kwa sauti ya kuogopa, nami nilidhani ananionea aibu. Basi nilimbembeleza wiki nzima aje, anisikie mbele za watu, labda akiona wengine wananipigia makofi naye atasema, mwanangu umefanya vizuri. Nilitaka hilo tu. Akaja, kavaa kitenge chake cha Pasaka, kafuatana na jirani yetu Bibi Skola, ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa bibi yangu marehemu na siku hizi anasahausahau.

Wanafunzi walisoma ya kwao, uzalendo, usafi wa vyoo, sawa. Zamu yangu ilipofika mbingu ilikuwa imefunga kabisa upande wa Udzungwa, na nilivyoshika tu kipaza sauti umeme ukakatika. Ukumbi ukawa kiza cha alasiri, yale mawingu meusi, watu unaona vichwa tu, na nje vyura wameanza kabla ya wakati wao. "Soma hivyohivyo!" Mwalimu Editruda akasema. Nikasoma hivyohivyo, kwa sauti yangu, na kwa kuwa sikuwa na kipaza sauti cha kunisaidia nikajikuta naifuata ile sauti iliyokuja na shairi, ya kushuka mwishoni.

Nilipofika kwenye kifua kinauma, mtu akaitikia.

Aliitikia kwa Kindamba, lugha ya wazee wetu, chinichini, maneno yangu yaleyale. Nikatazama, ni Bibi Skola. Nikaendelea na ubeti wa pili, na jamani, ubeti wa pili alinitangulia. Mimi nafungua mdomo, yeye ameshausema mstari kwa Kindamba, mimi namfuata kwa Kiswahili, na shairi lile lilikuwa halijasomwa na mtu zaidi ya Mwalimu Editruda, ambaye hata Kindamba hajui. Akina bibi wengine wawili watatu wakateremka kwenye viti vya plastiki wakakaa sakafuni, miguu wameinyoosha, khanga kichwani, nao wakaanza kuitikia. Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajisemea, Longi, leo umewashika! Nikapandisha sauti. Mama pale mbele kajifunika uso wote, mabega yanatetemeka, na mimi mpumbavu nikafurahi, nikasema analia kwa kujivunia mwanawe.

Ubeti wa tatu watu walikuwa wanalia waziwazi, hata wasioelewa. Mwili wangu ulishakuwa wa baridi kuanzia vidoleni kupanda juu, ulimi mzito, nikashuka chini ya karatasi nikaanza ubeti wa nne.

"*Basi sasa mlango—*"

Sikumwona mama akija. Nilichosikia ni kiganja, kinanuka vitunguu, kimebana mdomo wangu na meno yangu, na mkono wa pili umeshika kisogo. "Usiumalize!" alipiga kelele. "Baba, nakuomba, usiumalize!"

Wanafunzi wakaangua kicheko, ndiyo, na simu zikanyanyuliwa juu kurekodi, mimi nimebanwa pale mbele kama mtoto anayenyweshwa dawa. Mwalimu Editruda akajaribu kuokoa jahazi: "Tumpigie makofi mshairi wetu na... na mama yake." Hakupiga mtu. Kwa sababu wakati huo wanawake waliokuwa wanapita kutoka sokoni walishasikia vilio, na mnajua watu wetu, kilio hakiulizwi, wanaingia, wanavua kandambili mlangoni, wanakaa chini na kulia, maswali baadaye. Mmoja ndiye aliyeuliza, "Jamani, nani?" Na Bibi Skola, macho kafumba, akamjibu vizuri kabisa: "Mtoto wa Mama Longi."

Basi! Mama Longi ana mtoto mmoja tu, mji mzima unajua. Bodaboda wakaipeleka habari ile kabla mimi sijapata hata viatu vyangu, maana viatu vyangu vilikuwa havionekani (nilivivuaje, lini, sijui mpaka leo). Nilipotoka nje peku nikakutana na Mzee Mabula anashusha turubai na kuni kwenye pikapu, uso umemshuka. Akaniona.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alisogea, akanigusa bega kwa kidole kimoja, akakivuta haraka. "Longi," akasema taratibu, "mimi nimeshamwita kijana wa Mang'ula aje ashike mashine." Hilo nalo liliniuma, sitaki kusema uongo, sijapoa hata saa moja nafasi yangu imeshapata mtu. Na waliokuja wote walinitazama hivyohivyo kwa kando, hakuna aliyenipa mkono, na mama mmoja aliyeleta mchele aliuweka chini karibu na mimi akarudi kinyumenyume.

Tulirudi nyumbani mvua ikiwa bado haijanyesha. Nilikuwa na hasira, nikamwambia mama nje pale jikoni anapochochea moto, "Siku moja tu nimekuomba uje, mama. Siku moja. Ukaja kunidhalilisha."

Akachochea moto. Halafu akasema, "Wimbo ule aliutunga bibi yako. Aliuimba mara moja tu."

"Alimwimbia nani?"

"Wewe."

Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka. "Ulikuwa hujaota jino," akasema. "Degedege. Mto Lumemo umefurika, hospitali hakufikiki, ukapoa mikononi mwangu hapahapa. Tukakulaza kwenye mkeka. Mlango wazi, tunamsubiri katekista. Maziwa yananitoka, kifua kinaniuma, bibi yako akaliimba na hilo. Wote waliokuwepo wanaitikia, Skola akiwemo. Alipofika pale pa mwisho, wimbo unapoanza kufunga mlango, ukapiga chafya."

Moto ukalia. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini.

"Bibi yako akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Akasema wimbo umebaki wazi, na ubaki hivyohivyo, asiuimbe mtu, asiumalize mtu. Sisi sote tulinyamaza. Skola leo kasahau, anadhani yuko siku ile. Lakini wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna, mama."

"Najua hakuna. Ulianza kuuimba puani kabla hujajua kusema."

Ndiyo yale makofi yote ya utotoni. Nikamwambia kwa kujitetea kwamba ubeti wa nne lakini ni wangu, nimeutunga mwenyewe asubuhi pale kwenye kizingiti. Mama akatikisa kichwa. "Bibi yako alifika palepale ulipofika wewe," akasema. "Neno lilelile." Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akachana kipande cha chini bila kukisoma na kukitupa motoni, akanirudishia beti tatu. "Zirudishe mahali pake."

"Kwenye kisanduku?"

"Kwenye kisanduku." Akafunika sufuria. "Fundi aliyekitengeneza siku ile alikataa kukichukua tena, na bibi yako akakataa kisichomwe, alisema ukichoma kimoja unaagiza kingine. Ulidhani kilitengenezwa kwa ajili ya makaratasi?"

Nimelala juu ya kile kitanda miaka yote ya utoto wangu, kipo chini yangu. Nilipoingia ndani nikapiga magoti kukivuta, nikakitazama vizuri kwa mara ya kwanza, urefu wake, upana wake, wa kulaza mtoto mchanga, nikahisi kabisa ningetoshea hata leo. Nilipotoka nje mama alikuwa ananitazama, na ndipo aliposema kile nilichokuwa nimekitafuta wiki nzima na miaka yote kabla yake, akakisema huku analia: "Ulisoma vizuri, baba. Ulisoma vizuri mno, ndiyo maana."

Kwa hiyo msiniulize lile shairi. Mwalimu Editruda ananikumbusha kila tukionana, Longi, lile la mazingira utalimaliza lini, namwambia sina haraka mwalimu, sina haraka hata kidogo. Nimeapa, nasoma mengine, hata lile la msichana wa Kiberege nimelisoma (naye alikuja msibani kwangu, alilia sana, ila hakurudi). Lakini ipo siku mvua inanyesha, mashine (Mzee Mabula alinirudishia) inanguruma, na mimi nasikia vidole vimeanza kupoa na mstari unakuja, ule wa mlango. Hapo nazima mashine. Nazima kabisa, mpunga umejaa ndani, nasimama mlangoni na kumsalimia yeyote anayepita, kwa sauti kubwa, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mpaka upite. Wateja wanalalamika. Walalamike.