Siku Mama Mkwe Alipolinda Choo

Pale Matogoro nilijulikana kwa kicheko. Nikicheka kisimani, mtu wa ng'ambo ya bonde anauliza kuna nini. Basi, baada ya mtoto wa nne, kicheko kikaanza kuja na mkojo. Nikikohoa, kidogo. Nikipiga vigelegele, Mungu wangu, khanga nzima! Nikaacha kucheka. Harusini nilikaa nyuma nimekunja uso, watu wakasema siku hizi naringa.

Mama mkwe, tuliyeishi naye, hakuwa mtu wa kicheko hata kidogo. Tangu niolewe sikuwahi kuona meno yake yote, na sababu nilishaijua: hanipendi. Lakini tuliposikia daktari wa akina mama amekuja mjini, na kesho yake anaondoka, ni yeye aliyesema, "Vaa, twende."

Tulipofika hospitali akanipeleka kwanza chooni. "Utakwendaje mbele ya daktari na mkojo tumboni? Adabu gani hiyo?" Nikajikamua hadi tone la mwisho.

Daktari, mama mmoja wa miwani, akaniambia nikohoe aone. Nikakohoa. Wapi! Nikakohoa tena mpaka machozi yakanitoka, na ni hayo tu yaliyotoka. Nikaogopa kweli. Nikajiona narudi nyumbani na shida yangu, nimenuna maisha yangu yote.

"Umekojoa saa ngapi?" akauliza daktari.

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dirisha.

"Kanywe maji, kibofu kijae. Chooni usiende."

Mama mkwe akaninywesha vikombe vitano, kisha akasimama mlangoni mwa choo, mikono kiunoni. Nikisogea tu, "Rudi!" Na wazee siku hiyo walipita wote. Kila mzee lazima nipige goti, "Shikamoo babu," huku nimebana mapaja na jasho linanitoka.

Nilipoitwa tena nilikohoa mara moja tu. Viatu vya daktari, masikini!

"Vizuri sana!" akasema. Nusura nipige vigelegele.

Akaeleza kwamba nyama zinazoshikilia kibofu zimelegea kwa uzazi, ila zinafundishika. Nibane kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, nihesabu hadi kumi, nilegeze, nirudie mara kumi. Asubuhi, mchana na jioni, miezi mitatu bila kuchoka. Mama mkwe akamwomba arudie maelezo, eti mimi msahaulifu.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Tunapukuchua mahindi, yeye ananiuliza, "Umebana?"

"Nimebana, mama."

Miaka hiyo mitumba ilikuwa imeanza kujaa sokoni. Jioni moja, miezi mitatu ikielekea kwisha, mume wangu akaingia uani kifua mbele, amevaa koti la Ulaya. Lilikuwa la kike, vifungo vya maua, fundo kubwa la utepe mgongoni. "Nimependeza?"

Nikapasuka! Nikacheka hadi mbavu zikauma, halafu nikasikilizia. Hakuna kitu! Hapo nikasikia kicheko kingine, kikubwa kuliko changu. Mama mkwe alikuwa amelalia mahindi, meno yote nje.

Alipopata pumzi akapapasa khanga yake kwa nyuma. Akapapasa tena.

"Kavu," akaninong'oneza. Akamnyooshea kidole mwanawe aliye ndani ya koti. "Nilikuwa kama wewe tangu nimzae huyu."

Miaka yote ile nilidhani hanipendi, kumbe alikuwa anajibana.