Breka Iliyoanguka Kila Alfajiri

Habari nilizipata kwa simu nikiwa hapa Iringa nilikohamia. Yule fundi umeme wa Nyololo, huku huku mkoani Iringa, aliyefanya kazi zake Mbeya kwa miaka mingi, amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliyenipigia ni dereva wa bajaji tuliyewahi kupanga naye nyumba moja Ilomba, kule Mbeya. "Kaka, fundi wetu ametutoka," alisema, ingawa hakuna kati yetu aliyemjua kiasi cha kulia. Sikuwa rafiki yake. Jina la mkewe nimelisikia leo kwa mara ya kwanza. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kila nikikaa kuandika safu hii najiuliza kama ninyi wasomaji hamnionei huruma tu. Lakini nimechoka na misiba ambayo kila marehemu anageuzwa malaika kabla kaburi halijafukiwa. Huyu alikuwa mlalamishi, na akikuahidi Jumatatu ulijua ni Ijumaa. Nasema hivyo ili mniamini nikisema na zuri lake.

Nyumba ile ya Ilomba ilikuwa ya wapangaji, vyumba vimepangana kuzunguka ua, na umeme wote ukipitia breka moja iliyokuwa koridoni, ile swichi inayojikata yenyewe kukiwa na hitilafu. Ilipofika miezi ya baridi, ikaanza kuanguka kila alfajiri. Unaipandisha, inakaa kidogo, inaanguka tena. Jua likitoka inatulia kana kwamba haijafanya lolote. Sasa, kati yetu alikuwapo dada mmoja kutoka Kalenga, Iringa, mkaanga maandazi, na ndiye pekee aliyekuwa akiamka saa hizo. Basi hesabu ikawa rahisi kwa kila mtu: akiamka yeye, umeme unakatika, kwa hiyo ana jiko la umeme amelificha uvunguni. Dada alikuwa akikaanga kwa mkaa, nje, mbele ya macho yetu. Haikusaidia. Dereva wa bajaji alimtania kila asubuhi: "Dada, leo umekaangia nini, transfoma?" Naye alijibu, "Ndiyo, na andazi lako la kwanza limeungua." Mwanzoni alijibu akicheka.

Mama mwenye nyumba hakuwa akicheka. Nimtendee haki: alikuwa mjane, nyumba ile ndiyo iliyomlisha, na wapangaji wawili walishatishia kuhama. Akamwambia dada kuwa tatizo lisipoisha, chumba akiache. Mimi nilikuwa na namba ya fundi, nikamwita. Alikuja mchana, jua kali, akikilalamikia kilima alichopanda. Akazima kila kitu, akawasha kimoja kimoja, akisubiri baada ya kila kimoja. Breka haikutikisika.

"Kwa hiyo?" akauliza mama mwenye nyumba.

"Bado sijaona, mama. Ugonjwa wake ni wa alfajiri. Nitakuja alfajiri, Jumatatu."

"Wewe sema tu ni chumba kile. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua, mimi mmeniitia nini?"

"Ninyi watu wa Iringa mnakasirika kabla hamjasikia!"

"Na ninyi wa huku mnasikia kabla hatujasema," akajibu, akafunga begi lake. Dada wa Kalenga alikuwa amesimama mlangoni kwake na unga mikononi. Alimtazama tu fundi mpaka alipotoka.

Jumatatu hakuja. Alipata kazi kubwa kwingine, akaenda. Katikati ya juma mama mwenye nyumba alichoka kusubiri, na dada akafunga godoro, masufuria na ndoo zake, akarudi kwao Kalenga. Alfajiri iliyofuata breka ikaanguka vilevile. Tulitoka vyumbani tukakutana koridoni gizani. Mmoja aliipandisha, tukarudi kulala.

Fundi alitokea Ijumaa alfajiri, ukungu umeshuka hata bati la jirani halionekani. Akarudia kazi yake ileile: chumba cha dereva, ikashika, changu, ikashika, sebuleni kwa mama mwenye nyumba, ikashika. Alipowasha taa ya getini, ta! Ikaanguka. Akaifungua ile taa. Ndani ya kioo maji yamejaa, waya umechubuka na kugusa chuma. Taa ile mama mwenye nyumba aliiacha ikiwaka usiku kucha kwa ajili ya usalama wetu. Alikuwa mtu wa kujali. Ukungu ulikuwa ukiingia taratibu, na kufika alfajiri unatosha kuangusha breka.

"Ni hii," fundi akasema. Akaangalia mlango uliofungwa kwa kufuli. "Yule dada yuko wapi?"

"Alihama," dereva akajibu, akiangalia chini.

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Namba dereva alikuwa nayo, alizoea kuagiza maandazi. Tulisimama wote pale getini.

"Kamwene, dada," fundi akamsalimia kwa Kihehe. "Ni yule fundi wa umeme. Shoti tumeiona, ilikuwa taa ya getini. Haikuwa wewe."

Kuku alisikika upande wa pili wa simu. "Nilijua, kaka," dada akasema. "Wao wanasikia?"

"Wote wapo hapa."

"Basi. Ahsante."

Mama mwenye nyumba akaomba simu. "Mwanangu, rudi. Chumba chako kipo."

"Hapana, mama. Nimeshaanza huku."

Fundi akakaa kwenye tofali. "Laiti ningekuja Jumatatu," alisema, siyo kwetu hasa.

Nimeipima habari hii mara nyingi, na sijui bado nimweke upande gani. Angetimiza ahadi, dada asingefunga godoro lake. Lakini ningekuwa mwongo nikisema kila fundi angeuliza alikokwenda mpangaji. Taa ilikuwa imepona. Angeweza kuchukua chake akaondoka. Siku hizi tunamtaja mtu kwenye kundi la simu asubuhi, mchana jina lake limeshaharibika, na ikigundulika si yeye, tunahamia habari nyingine kimyakimya. Nilichojifunza kwa marehemu, kwa akili yangu ndogo, ni hiki: ukigundua kwamba mtu hakukosa, mwambie mwenyewe, na wale waliomsema wawe wanasikia. Huenda asirudi. Kalenga ni mbali na Mbeya, na mtu akishaanza upya mahali hana sababu ya kubeba ndoo zake mara ya pili. Lakini dada aliuliza swali moja tu siku ile, kama tunasikia, na akajibiwa.